Kafara na Chambo: Uhakiki wa Mitihani ya Programu za Sataranji

Miongoni mwa mambo yanayotajwa kuwa kipimo cha akili ya kompyuta, mchezo wa sataranji una cheo cha peke yake. Na ndani ya mchezo huo hakuna jambo lipendwalo na wapimaji kuliko kafara, yaani ile hatua ambayo kwayo mchezaji hutoa kete yake yenye thamani, awe askari, farasi, au hata malkia, pasipo kulazimishwa, kwa kutaraji faida itakayodhihiri hatua nyingi baadaye. Tangu zama za programu za kwanza watu wamekusanya hali za mchezo zenye kafara za namna hiyo, wakazipanga kama karatasi ya mtihani, wakaipa programu dakika chache kwa kila swali, kisha wakahesabu majibu yaliyo sawa. Alama hizo hutolewa kuwa ushahidi kwamba programu fulani "huona mbali" au "hufahamu" mchezo kuliko nyingine. Makala hii yaichunguza mitihani yenyewe wala si programu: je, kinachopimwa ndicho kisemwacho kuwa chapimwa?

Swali hili si la wanahesabu peke yao. Kasoro ya mitihani hiyo ni kasoro ya maneno kabla ya kuwa kasoro ya hesabu, na Kiswahili, kwa bahati njema, kina maneno ya kutosha ya kuifichua. Wachezaji wa Ulaya hutumia neno moja kuu kwa kila kete iliyotolewa kwa hiari. Kiswahili hutenga. Kafara ni kile kitolewacho ili kuondoa balaa. Kikiisha kutolewa hakirudi, na aliyekitoa hana hati ya kudai malipo. Sadaka hutolewa kwa radhi, na thawabu yake haipimwi kwa mizani ya sokoni. Chambo ni jambo jingine kabisa: mvuvi atiaye dagaa kwenye ndoana hakumpa samaki zawadi, bali amekwisha kufanya hesabu yake, na dagaa ni gharama ndogo ya kumpata nguru.

Tofauti hii haikuzuliwa kwa ajili ya kupendeza masikio. Rudolf Spielmann, bingwa wa Austria, aliieleza kwa njia yake mwaka 1935 katika kitabu kiitwacho Richtig opfern!, ambamo alizigawa kafara za sataranji mafungu mawili, za uongo na za kweli. Ya uongo ni ile ambayo malipo yake yahesabika tangu mwanzo: mchezaji hutoa farasi, na baada ya hatua chache zisizoepukika hupata malkia, ama humfungia mfalme wa adui. Ya kweli ni ile isiyohesabika. Mchezaji hutoa kete kwa kuiamini hali ya ubao, kwamba kete zake zina nafasi na za adui zimesongamana, na ya kwamba mfalme wa adui hana sitara. Lakini lini malipo yatakuja, na kwa njia ipi, hajui. Fungu la kwanza, kwa Kiswahili chema, ni chambo. Fungu la pili ndilo linalostahili jina la kafara.

Sasa, mtihani wa programu wahitaji nini ili uwe mtihani? Wahitaji jibu. Mtungaji hawezi kutoa alama pasipo kujua kwamba hatua fulani ni sahihi na nyingine zote ni pungufu, na jambo hilo haliwezi kuthibitishwa ila kwa kuzifuata njia zote mpaka faida ionekane wazi. Basi kila hali ambayo jibu lake limethibitishwa ni hali ya chambo, ijapokuwa chambo cha kina kirefu. Na kafara ya kweli, kwa kuwa haina jibu lililothibitishwa, hutupwa nje na mtungaji mwenyewe, tena kwa nia njema. Karatasi iliyobeba jina la kafara imeziondoa kafara zote kabla ya swali la kwanza kuulizwa. Haya si matusi kwa watungaji. Ni sharti la kazi yao. Ila yafaa lisemwe, na aghalabu halisemwi.

Hata ndani ya fungu la chambo, macho ya binadamu huipotosha karatasi. Mjini New York mwaka 1956 Bobby Fischer, aliyekuwa na umri wa miaka 13, alimsogeza askofu wake mpaka nyumba ya e6 katika hatua ya 17, akamwacha malkia wake achukuliwe na Donald Byrne. Mchezo huo ulipewa jina la mchezo wa karne, na kwa haki. Lakini ni kwa nini hatua hiyo yashangaza? Kwa sababu malkia ni kete ya thamani kubwa, na mkono wa mtu husita kumwachilia. Programu haina mkono wa kusita. Malkia akiisha kuchukuliwa, askofu na farasi wa Fischer wanamtishia mfalme hatua baada ya hatua, na kila mara mweupe ana majibu mawili matatu tu ya kuchagua. Njia ni nyembamba kama uchochoro, na mashine huipita mbio. Chambo ni kikubwa, bali maji ni mafupi.

Lilinganishe na jambo lililotokea Linares mwaka 1998, katika mchezo wa Veselin Topalov na Alexei Shirov. Ubaoni kulibaki kete chache: kila upande mfalme na askofu mmoja, maaskofu hao wakitembea katika nyumba za rangi mbalimbali, Topalov akiwa na askari 2 na Shirov askari 4. Hali ya namna hiyo yasifika kwa sare, hata kwa mwenye askari wa ziada. Katika hatua ya 47 Shirov alimpeleka askofu wake mpaka h3, mahali ambapo askari wa g2 aliweza kumla bure, wala mfalme wa Topalov hakutishwa na chochote. Sababu ilikuwa hii: mfalme wa Shirov alikuwa e6 naye alitaka kufika e4 kabla mfalme wa adui hajafika e3, njia yake ilipita f5, na f5 ilikaliwa na askofu wake mwenyewe. Kumwondoa askofu kwa utulivu kungempa adui hatua moja ya bure, na hatua moja ilitosha kuharibu kila kitu. Kumwondoa kwa kumtishia askari wa g2 kulizuia hasara hiyo. Topalov alimla askofu, na baada ya hatua 6 akakubali kushindwa. Kilichotolewa hapa ni kidogo kuliko malkia wa Fischer, ila maji ni marefu mno, kwa maana hakuna tishio linaloshurutisha majibu, na malipo ni mwendo wa taratibu wa mfalme na askari wa pembeni. Kwa miaka mingi hatua hii ilitajwa kama mfano wa kile ambacho programu haiwezi kukiona. Programu za leo hukiona.

Ili kufahamu kwa nini hatua ya Shirov ilikuwa ngumu kwa mashine, yapasa kukumbuka jinsi mashine itafutavyo. Claude Shannon, katika makala yake ya mwaka 1950, alieleza njia mbili: ama programu ifuate kila hatua inayowezekana mpaka kina fulani, ama ichague chache zinazoelekea kuwa na maana na kuzifuata hizo mbali zaidi. Alikadiria hatua 30 hivi kwa kila zamu, hata hatua moja ya kila upande huzaa njia karibu 1,000. Mbili huzaa milioni. Programu za leo zijulikanazo kuwa za njia ya kwanza kwa hakika zimechanganya njia zote mbili, maana hazifuati kila tawi kwa kina kimoja. Hatua zinazoonekana mbaya hupangwa mwisho, nazo hutazamwa juu juu. Na hatua inayotoa askofu bure huonekana mbaya kuliko zote. Hivyo kafara ni kama mgeni asiye na barua ya kumjulisha: hupangwa mwisho wa foleni, na mlango hufungwa kabla zamu yake haijafika. Juu ya hayo kuna kile alichokieleza Hans Berliner mwaka 1973, yaani upeo: faida inayotokea hatua moja nyuma ya mpaka wa kutazama ni sawa na faida isiyokuwapo.

Kutokana na hayo pana kosa linalorudiwa katika taarifa nyingi za mitihani, nalo lahusu neno kina lenyewe. Taarifa husema kwamba programu moja ilipata jibu katika kina cha 24 na nyingine katika kina cha 31, kana kwamba kina ni pima moja kwa wote. Nahodha atumbukizaye bildi baharini hupima kwa kamba yake. Ikiwa kamba moja ina pima za mkono mrefu na nyingine za mkono mfupi, tarakimu zao hazilinganishwi mpaka mikono ilinganishwe kwanza. Programu ikatayo matawi mengi hutaja kina kikubwa, nayo imetazama njia chache. Programu isiyokata hutaja kina kidogo, nayo imetazama nyingi. Tarakimu hizo zina maana ndani ya programu moja iliyopimwa leo na kesho. Nje ya hapo ni sifa tu.

Historia ya karatasi zenyewe ni fupi na yafundisha. Kitabu cha Fred Reinfeld chenye mafumbo 300, kilichoandikwa kwa wanafunzi wa mchezo, kilifanywa mtihani wa mashine pasipo mwandishi wake kukusudia hivyo. Majibu yake kadhaa yaligunduliwa kuwa na kasoro, ama kwa kuwa palikuwa na hatua nyingine iliyo sawa, ama kwa kuwa jibu lililochapwa halikushinda. Ivan Bratko na Danny Kopec walifanya kazi iliyo makini zaidi mwaka 1982. Hali zao zilikuwa 24, nusu za mapigano na nusu za kusukuma askari, na waliwapa wanadamu na mashine karatasi ile ile. Ubora wa kazi yao ulikuwa katika kugawa: ilionekana kwamba mashine iliyo hodari wa mapigano yaweza kuwa dhaifu katika kuwasukuma askari. Waliofuata walijumlisha alama wakausahau mgawo, na kwa hivyo waliitupa ile sehemu iliyosema kitu.

Kisha akaja Pierre Nolot wa Ufaransa, ambaye katika jarida la Gambisco alitoa hali 11 zilizochaguliwa kwa sababu ya ugumu wao tu, nazo zilitoka katika michezo halisi. Mojawapo ni ya Lyon mwaka 1990, mchezo wa 20 wa kugombea ubingwa wa dunia, ambapo Garry Kasparov katika hatua ya 26 alichukua askari wa h6 kwa farasi wake na kumwacha askofu wa b2 aliwe. Nyingine ni ya Petropolis, Brazili, mwaka 1973: David Bronstein, aliyekuwa amekwisha kutoa ngome moja, alitoa na ya pili kwa kumchukua askofu wa Ljubojević katika c5. Mashine za miaka ya 1990 zilipata taabu kubwa mbele ya karatasi hii, na ilikuwa heshima kutatua hali chache tu. Nolot alistahili sifa kwa jambo moja ambalo halikutambuliwa vya kutosha: hakuchagua kwa uzuri wa hatua. Alichagua kwa urefu wa maji.

Lakini karatasi ikiisha kujulikana huacha kuwa karatasi. Hapa mwanafunzi wa lugha yuko nyumbani kwake. Mtu akitega kitendawili cha nyumba isiyo na mlango, na mtoto akajibu "yai" kabla sauti ya mtegaji haijatua, hakuna mtu mzima barazani atakayesema kwamba mtoto huyo amefumbua kitu. Amekumbuka. Kitendawili kilifumbuliwa zamani na watu wasiojulikana majina, na mtoto amerithi jibu. Watungaji wa programu walizitumia hali za Reinfeld, za Bratko na Kopec, na za Nolot katika kurekebisha kazi zao. Walibadili vipimo vya ndani, wakatazama alama, wakabadili tena. Hata kama hakuna aliyeandika majibu ndani ya programu, majibu yamepenya katika vipimo. Kwa programu zilizofunzwa kwa mamilioni ya michezo ya watu jambo ni baya zaidi, kwa kuwa mchezo wa Lyon umechapwa mara nyingi kuliko mtu awezavyo kuhesabu.

Mfano mashuhuri wa mkanganyo huu ulitokea nje ya mitihani. Tarehe 11 Mei 1997, mjini New York, katika mchezo wa 6 na wa mwisho, mashine ya Deep Blue ilitoa farasi kwa Kasparov kwa kuchukua askari wa e6 katika hatua ya 8. Kasparov aliacha mchezo baada ya hatua ya 19, na magazeti ya dunia yakaandika juu ya ujasiri wa mashine. Mashine ile iliweza kutazama hali milioni 200 kwa nukta moja ya saa, ila kwa hatua hiyo haikutazama chochote. Hatua ilikuwamo katika daftari la mianzo iliyowekewa na watu. Kafara iliyosifiwa kuliko zote zilizowahi kufanywa na mashine ilikuwa jibu la kitendawili.

Jambo hili lawagusa wasomaji wa jarida la lugha kwa karibu zaidi kuliko idhaniwavyo. Programu zinazoandika na kujibu kwa lugha za watu hupimwa kwa mtindo ule ule wa karatasi na alama, na Kiswahili hakitaachwa nje. Mtu akitunga mtihani wa Kiswahili kwa methali zilizomo katika mikusanyo iliyochapwa, akaiuliza programu maana ya kila methali, kisha akatangaza kwamba programu imefahamu Kiswahili kwa asilimia fulani, atakuwa amelirudia kosa la sataranji neno kwa neno. Methali iliyofasiriwa kitabuni ni hali ya Lyon. Ufahamu ungeonekana kwa methali ile ile iliyotumiwa kwa kejeli, au iliyogeuzwa nusu na msemaji mwenye hasira, jambo ambalo mtungaji hawezi kulipa jibu moja lisilo na ubishi. Na kwa sababu hiyo hiyo ataliacha.

Kurudi kwenye ubao, lipo tatizo jingine, nalo ni chanzo cha majibu. Zamani jibu lilithibitishwa na wachambuzi binadamu, waliokosea mara nyingi. Leo huthibitishwa na programu yenye nguvu iliyoachwa itafute kwa saa nyingi. Programu nyingine hupimwa kwa kufuata jibu la ile ya kwanza. Mtihani wa namna hii huonyesha ni nani apataye upesi kile ambacho mkubwa wao hukipata polepole; ni kipimo chenye faida kwa mafundi, ila si kipimo cha kina, maana hakiwezi kumpa alama mwenye kuona zaidi ya msahihishaji. Programu ikiona hatua iliyo bora kuliko jibu huandikiwa kosa.

Mfano wa kile kinachopotea ni mchezo wa 6 wa ubingwa wa dunia, Moscow, mwaka 1960. Mikhail Tal, akicheza kete nyeusi, alimweka farasi wake f4 katika hatua ya 21, mahali pa kuliwa, mbele ya Mikhail Botvinnik. Ukumbi ulijaa kelele hata wachezaji wakahamishiwa chumba kingine. Tal alishinda mchezo, na hatimaye ubingwa. Uchambuzi uliofuata ulionyesha kwamba hatua hiyo haikuwa na haki ya kushinda: katika hatua ya 25 Botvinnik alimchukua malkia kwa ngome yake, ambapo ingemfaa zaidi kumla askari wa f3 kwa askofu. Hali hiyo iwekwe katika karatasi ya mtihani, na jibu litakuwa lipi? Ikiwa farasi wa f4 ni kosa, basi programu imkataayo hupata alama na Tal hukosa. Ikiwa ni jibu sahihi, mtungaji amesema uongo. Kwa hivyo hali huachwa, na pamoja nayo huachwa sehemu kubwa ya kile ambacho watu walikipenda katika mchezo wa Tal, yaani kumwekea adui mzigo wa maamuzi ambao mtu mwenye saa inayokwenda hawezi kuubeba. Hicho ndicho Spielmann alichokiita kafara ya kweli, nacho kina ukweli hata pale hesabu inapokikanusha.

Mtu aweza kujibu kwamba mashine hazitoi kafara za namna hiyo, na kwa hivyo hakuna hasara katika kutozipima. Jibu hilo lilikuwa na nguvu mpaka mwaka 2017. Mwezi Desemba mwaka huo programu ya AlphaZero, iliyojifunza kwa kucheza na nafsi yake tu, ilicheza michezo 100 na Stockfish ikashinda 28 na kwenda sare 72. Katika baadhi ya michezo hiyo AlphaZero ilitoa askari, wakati mwingine hata kete kubwa kuliko askari, pasipo malipo yoyote yanayohesabika karibu. Kilichopatikana ni nafasi ya kutembea na kubanwa kwa adui kwa hatua thelathini, arobaini. Sababu yajulikana: programu hiyo haihesabu thamani ya kete kama mchuuzi ahesabuvyo fedha, bali hukadiria bahati ya kushinda kutokana na hali nzima. Stockfish nayo ilitiwa mtandao wa nyuroni mwaka 2020, na tangu hapo imekuwa tayari kutoa kete kwa sababu zisizohesabika kwa vidole. Basi mashine zimekwisha kuingia katika fungu la pili la Spielmann, wakati karatasi za mitihani zingali katika fungu la kwanza.

Uchunguzi mmoja wa karibuni wastahili kutajwa kwa heshima na kwa upinzani. Mwaka 2022 Maharaj, Polson na Turk walichapisha katika jarida la Entropy ulinganisho wa Stockfish na Leela Chess Zero juu ya fumbo moja mashuhuri, lililotungwa na Gijs van Breukelen na kujulikana kwa jina la Plaskett. Ni lile ambalo Tal husimuliwa kuwa alilifumbua mjini Brussels mwaka 1987, wakati mabingwa wengine walikuwa wameshindwa. Stockfish ilifanya vizuri kuliko mwenziwe. Waandishi hawakukimbilia kusema kwamba Stockfish ina akili zaidi. Walieleza tofauti ya njia za kutafuta na kuonya kwamba matokeo yasomwe kwa uangalifu. Huo ni uungwana usio wa kawaida katika maandishi haya. Hata hivyo kuna pingamizi mbili. Fumbo ni moja, na kwa fumbo moja haiwezi kujulikana kama kilichopimwa ni programu au ni fumbo. Tena lililo zito zaidi: fumbo la kutungwa si hali ya mchezo. Mtunzi wake ameondoa kila njia isipokuwa moja, kama mshairi aondoavyo kila neno lisiloingia katika vina. Askari ageukaye farasi badala ya malkia ni jambo la nadra sana ubaoni, ila katika fumbo ni ada. Leela huongozwa na mazoea ya michezo, na hatua isiyo na mfano katika mazoea hayo hupewa nafasi ndogo ya kutazamwa. Kuilaumu kwa hilo ni kama kumlaumu msemaji hodari wa sokoni kwa kushindwa kusoma utenzi wa kale. Yeye hajui utenzi. Kama anajua lugha au hajui, swali hilo halijaulizwa bado.

Kipi basi kingefaa? Kuiacha mitihani si dawa, kwa kuwa pasipo karatasi hubaki majivuno ya wauzaji. Kila hali yenye kafara iliyo sahihi yafaa iwekewe mwenziwe inayofanana nayo kwa kila kitu ila askari mmoja aliyesogezwa, ambapo kafara ile ile ni kosa. Programu itoayo kete katika hali zote mbili haijaona kitu, imezoea tu. Yafaa pia jibu liwe njia nzima wala si hatua ya kwanza peke yake, maana programu nyingi huichagua hatua sahihi kwa sababu isiyo sahihi, kama mwanafunzi apatanishaye ngeli kwa kusikia sauti ya neno wala si kwa kujua kanuni. Kwa kafara za kweli karatasi haitafaa kabisa. Hapo dawa ni kuicheza hali yenyewe mara nyingi, pande zote mbili, mbele ya wapinzani wa nguvu mbalimbali na kwa saa ya namna mbalimbali, kisha kuandika nani alishinda na mara ngapi. Jambo hilo huchosha, na tarakimu yake haina utamu wa "11 kwa 11". Na anayeandika taarifa angejizuia kusema programu "imeona" ambapo ilichofanya ni kukumbuka.

Karatasi ya Nolot, ijapokuwa imekwisha kujulikana na kila fundi, haifai kutupwa. Hali ya Lyon hasa yaweza kutumiwa upya kwa swali ambalo halikuulizwa tangu mwanzo. Katika mchezo wenyewe Karpov hakumla farasi wa h6. Alisukuma askari wake mpaka c3 na kumla askofu wa b2, na mchezo ukaisha katika hatua ya 41. Programu iwekewe ubao kama ulivyokuwa baada ya hatua ya Kasparov, ngome nyeusi imle farasi wa h6, kisha itakiwe kuonyesha mweupe anapata nini, kwa njia zipi, na ni mahali gani njia hizo zinakoma kuhesabika.